Watoto Wetu na Lugha za Nyumbani: Nani Atausikia Wasia wa Bibi?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), aliyempa mwanadamu ulimi na uwezo wa kubainisha yaliyo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahli zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo aghalabu halipandi mimbarini, nalo ni lugha tunazozungumza na watoto wetu majumbani. Tunalizungumza kwa sababu limetufika wenyewe, na kosa lililotendeka lilikuwa letu, si la mwingine.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa mkulima wa Kinole, katika milima ya Uluguru, mwenye migomba, minanasi na mikarafuu michache. Sisi tulipojaaliwa kusoma, tulisoma miaka saba ambayo kila somo lilikuwa kwa Kiarabu, tukarejea Morogoro na hamasa kubwa. Tukajiwekea kanuni nyumbani kwetu: watoto wasemeshwe Kiarabu na Kiswahili, basi. Bibi alipokuja kututembelea tukamwomba naye asiwasemeshe vitukuu vyake Kiluguru, tukadai kuwa kitawachanganya na kuwarudisha nyuma shuleni. Bibi alitutazama, kisha akajibu kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake: "Haya, mume wangu. Nyumba ni yako, na mwalimu ni wewe."

Tangu siku hiyo bibi akawa mtu wa maneno machache katika nyumba yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kutaja bei, kusalimia na kuagana. Hadithi zake, mafumbo yake, nasaha zake na hata vicheko vyake vilikuwa katika Kiluguru. Sisi tulidhani tumemwomba abadilishe lugha, kumbe tulikuwa tumemwomba anyamaze.

Maradhi yalipomzidi tukamteremsha mjini tukakaa naye. Asubuhi moja, sisi tukiwa madrasa na mama wa watoto ametoka kwenda kununua dawa, bibi alimwita binti yetu wa miaka tisa, akamshika mkono, akasema naye kwa muda mrefu. Tuliporejea adhuhuri alikuwa hawezi tena kusema, na usiku ule akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Baada ya maziko tukamuuliza mtoto: bibi alikwambia nini? Akasema hakuelewa. Alishika maneno mawili tu, kwa kuwa yanafanana na ya Kiswahili: karafuu na hela. Mengine yote yalimpita kama maji ya mto.

Wenye elimu ya mirathi wanafahamu uzito wa jambo hili. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, Allah (s.w.) ameweka wazi kwamba urithi haugawanywi mpaka kwanza utekelezwe wasia wa marehemu na ulipwe deni lake. Na Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa nafsi ya muumini hubaki imening'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Sasa je, bibi yetu alikuwa anadaiwa hela za karafuu, au alikuwa anadai? Tulitangaza mazikoni kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze; hakujitokeza mtu. Tulipanda Kinole, tukauliza majirani, wanunuzi wa karafuu na jamaa wa ukoo, hatukupata jibu. Mpaka tunaandika makala hii hatujui. Tulisoma miaka saba, tukajifunza hukumu za wasia na madeni kwa lugha ya Qur'ani, na wasia ulipotamkwa ndani ya nyumba yetu hapakuwa na sikio la kuupokea.

Lugha ni ishara, si aibu

Ndugu zetu, tusidhani kwamba kadhia hii ni ya nyumba moja. Hebu tuangalie familia za mjini kwetu, tangu Mwembesongo hadi Kihonda. Babu na bibi wanazungumza Kiluguru, au Kikaguru, Kisagara, Kipogoro, Kipare. Baba na mama wanakifahamu lakini wanakitumia wanapotaka watoto wasisikie siri. Watoto wanajua Kiswahili peke yake, na wale waliopelekwa katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza wanarudi nyumbani na Kiingereza ambacho wazazi hawawezi kukijibu. Nyumba moja, vizazi vitatu, na mazungumzo hayavuki.

Sababu zake zinaeleweka. Kiswahili kimetuunganisha Watanzania wenye lugha zaidi ya 120, na tangu mwaka 1967 ndicho kilichofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Hiyo ni neema, na sisi wenyewe tunaandika makala hii kwa Kiswahili. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipotaka kuwaamsha Waislamu wa pwani yetu katika miaka ya 1930, aliwaandikia kwa Kiswahili magazetini. Na Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy alipokamilisha tafsiri yake ya Qur'ani mwaka 1969, wengi wa Afrika Mashariki walifungua macho kwa mara ya kwanza wakaelewa wanachokisoma. Hatuna ugomvi na Kiswahili. Tunachosema ni kwamba neema moja haikuja ili ifute nyingine.

Allah (s.w.) ametufahamisha katika Suratur-Rum, aya ya 22, kwamba miongoni mwa ishara zake ni kuumbwa kwa mbingu na ardhi, na kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu. Zingatia, ndugu msomaji: lugha zimetajwa katika aya moja na mbingu na ardhi. Haifai, basi, Muislamu aione lugha ya bibi yake kuwa aibu ya mlimani. Na katika Surat Ibrahim, aya ya 4, tumeelezwa kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili apate kuwabainishia.

Tuitazame pia sira. Makuraishi walikuwa na ada ya kuwapeleka watoto wao wachanga jangwani wakalelewe na makabila yenye Kiarabu fasaha, na Mtume wetu (s.a.w.) alilelewa na Bi Halima katika Bani Sa'd. Watu wale walijua kwamba lugha hunyonywa pamoja na maziwa. Zayd bin Thabit (r.a.) aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze lugha ya Mayahudi ili aweze kumsomea na kumwandikia barua zao, akaimudu kwa muda mfupi sana.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi sisi wazazi ni cha Umm Khalid (r.a.). Mtoto huyu alizaliwa Uhabeshi, wazazi wake walipokuwa wamehajiri huko, akarudi Madina akiwa mdogo. Mtume (s.a.w.) aliletewa nguo nzuri, akaagiza aletwe yule mtoto, akamvisha kwa mkono wake. Kisha, akimwonyesha mapambo ya nguo ile, hakusema kwa Kiarabu kwamba ni nzuri. Alisema "sanah", neno la Kihabeshi, lugha ambayo mtoto aliizoea alikokulia. Imam Bukhari (r.a.) amekiingiza kisa hiki katika mlango alioutenga mahsusi kuhusu wanaozungumza Kifursi na lugha za kigeni. Mbora wa viumbe, ambaye Qur'ani imeteremshwa kwa lugha yake, aliiendea lugha ya mtoto mdogo ili kumfurahisha. Sisi tulimtaka bibi wa miaka themanini aiache ya kwake.

Shaka zinazotolewa

Wapo watakaosema: Kiluguru ndicho kilichobeba ngoma za mwali na matambiko ya Kolelo, basi kikifa ni nafuu kwa dini. Hoja hii tuliwahi kuisema wenyewe, hivyo tunaijua udhaifu wake. Kiarabu kabla ya Uislamu kilibeba majina ya Lata, Uzza na Manata, na mashairi ya ulevi na ya vita vya kulipizana visasi. Uislamu ulipokuja ulivunja masanamu, ukakiacha Kiarabu, bali ukakitukuza. Aliyetaka kuwatakasa watu hakuwakata ndimi. Tambiko ni tendo, na tendo hukatazwa; lugha ni chombo, na chombo huoshwa kikatiwa kilicho halali.

Tena tuseme kweli: anayetaka kurekebisha mila za mlimani bila kujua lugha ya mlimani hataambulia kitu. Tumewaona walinganiaji vijana wanaopanda kwa barabara ya Bigwa kuelekea Kiroka na Mkuyuni, wakahutubia kwa Kiswahili kizito kilichojaa istilahi za Kiarabu. Wazee wanaitikia kwa adabu, wanaaga, na hakuna kilichobaki. Siku moja tulikuwa na kijana aliyelelewa na bibi yake. Aliketi kibarazani na akina mama, akawauliza kwa Kiluguru namna wanavyotawadha. Kabla ya alasiri walikuwa wamemuuliza maswali ambayo sisi hatukuwahi kuulizwa kwa miaka kumi.

Hata katika mirathi lugha inahitajika. Kila Mluguru anaujua lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na anajua kuwa mashamba mengi ya mlimani yako chini ya ukoo na mkubwa wake, mndewa. Anayetaka kugawa mirathi kwa sharia lazima kwanza abaini: shamba hili lilikuwa milki ya marehemu, au ni la ukoo na yeye alikuwa akilitumia tu? Huwezi kugawa kisichokuwa chake. Na jibu la swali hilo haliko katika vitabu tulivyosoma. Liko vinywani mwa wazee, na wazee wanalisema kwa lugha yao. Tusipowaelewa tutafanya moja kati ya mawili: kudhulumu warithi, au kudhulumu ukoo.

Wengine watasema: huu ni ukabila, na Mtume (s.a.w.) ameikemea asabiyya. Ni kweli ameikemea. Lakini asabiyya ni kumsaidia jamaa yako katika dhulma na kujiona bora kwa nasaba. Si kumjibu bibi yako kwa lugha aliyokusalimu. Na historia imetuonyesha kwamba kuifinya lugha hakuleti umoja hata baina ya Waislamu. Pakistan ilipoundwa mwaka 1947, viongozi wake walitaka Kiurdu peke yake kiwe lugha ya taifa, ilhali Waislamu wengi wa upande wa mashariki walizungumza Kibangla. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi waliandamana Dhaka wakidai lugha yao, wakapigwa risasi. Mwaka 1971 nchi ile ilivunjika, ikazaliwa Bangladesh. Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, inayoadhimishwa kila tarehe 21 Februari tangu mwaka 2000, imetokana na vifo vile. Sisi Watanzania tumesalimika na balaa hiyo, na Sera yetu ya Utamaduni ya mwaka 1997 imewaacha wananchi waendelee kutumia lugha zao na kujivunia. Hakuna anayetuzuia. Tunajizuia wenyewe majumbani.

Shaka ya tatu ndiyo iliyotuponza: eti mtoto atachanganyikiwa. Wataalamu wa lugha za watoto wamekwisha kubainisha kuwa mtoto anaweza kulelewa kwa lugha mbili au zaidi bila kudhurika. Atachanganya maneno kwa muda, kisha atazitenga mwenyewe, akajua huyu nimsemeshe hivi na yule vile. Wala hatukuwa na haja ya kuwauliza wataalamu, kwa kuwa wazee wetu wa mlimani wenyewe walikua na Kiluguru nyumbani, Kiswahili sokoni na herufi za Kiarabu chuoni, na hakuna aliyepotewa na akili.

Tufanye nini majumbani

Kwanza, kila mmoja amsemeshe mtoto kwa lugha anayoimudu vizuri zaidi. Sisi tuliwasemesha watoto Kiarabu cha vitabuni. Tuliweza kuwaambia "funga mlango" na "soma somo lako", lakini mtoto alipoumia tulikosa maneno ya kumbembeleza, na alipouliza mambo ya jikoni tulikwenda kutafuta katika kamusi. Baada ya miezi michache nyumba ilikuwa kimya kama darasa la mtihani. Kiarabu tukakirudisha mahali pake: Qur'ani, dua na somo la kila jioni, pamoja na maana zake. Mtoto anayejua maana ya Suratul-Fatiha anayoisoma katika kila rakaa amepata Kiarabu chenye manufaa kuliko anayejua kusema "funga mlango".

Pili, babu na bibi waachwe waseme. Tusiwatafsirie watoto kila neno, wala tusiwaombe wazee watumie Kiswahili kwa sababu mgeni yupo. Bibi akisema "leta kile" na mtoto akaleta kisicho, acha waelewane wenyewe. Lugha hujifunzwa katika kuchambua mboga, kumenya ndizi, kuteka maji na kuota moto, si katika daftari.

Tatu, wenye ndoa za makabila mawili wasikate tamaa. Jamaa zetu wengi wa Morogoro, mume ni Mluguru na mke ni Mpare, au kinyume chake, na lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Basi Kiswahili kibaki kuwa cha wote mezani, na kila mzazi awe na wakati wake na watoto kwa lugha ya kwao: baba akienda nao shamba, mama akiwasuka nywele. Asiyeweza yeye mwenyewe awape watoto likizo za Juni na Desemba kwa bibi yao. Nauli ya kwenda mlimani ni ndogo kuliko ada ya masomo ya ziada.

Nne, tukomeshe dhihaka. Mtoto akicheka lafudhi ya mama aliyeteremka na tenga la ndizi kwenda Soko Kuu, asikemewe kwa jicho tu bali aelezwe kuwa huyo ni mama yake. Na sisi walimu wa madrasa tuwe wa mwanzo. Tumewahi kumchapa mtoto kwa kusema Kiluguru na mwenzake darasani, na tunamwomba Allah atusamehe. Mtoto aliyefundishwa kuona haya kwa lugha ya mama yake yuko karibu kumwonea haya mama mwenyewe, na hapo tutakuwa tumemfungulia mlango wa kuwaasi wazazi.

Tano, wanaosomesha watoto kwa Kiingereza wasome, kwani elimu ni amana na Kiingereza ni ufunguo wa elimu nyingi. Lakini Kiingereza kikifika mlangoni kivue viatu. Baba asilazimishe salamu za Kiingereza kwa mtoto mbele ya babu asiyezijua, akajivuna kwamba mwanawe ameendelea. Maendeleo yanayomwacha babu nje ya mazungumzo, katika nyumba aliyoijenga yeye, yana kasoro.

Hitimisho

Ndugu Waislamu, kuwafanyia wema wazazi tumeamrishwa kwa mkazo, na wema wa mwanzo ni kusikiliza. Qur'ani, katika Suratul-Israa, imetukataza hata kuwaambia wazazi "ah" wanapofikia uzee. Nasi tulijihadhari na neno hilo dogo, tukajiona tumesalimika, ilhali tulikuwa tumelifunga kinywa zima.

Kwa upande wetu, tumeweka kando sehemu katika kilichoachwa na marehemu, tukiwa tumekubaliana warithi wote, ili atakayekuja na madai ya karafuu asikute tumeshakula. Ikiwa bibi alikuwa anadai, basi tumemwachia aliyekuwa akidaiwa. Zaidi ya hapo hatuna la kufanya ila dua.

Binti yetu sasa hupanda Kinole kila likizo, kwa ndugu wa bibi ambaye bado yu hai. Likizo iliyopita alirudi akatuuliza neno la Kiluguru ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelisahau, tukalazimika kumpigia simu mjomba kuuliza. Alicheka sana. Kisha akauliza, bila ya kucheka: "Baba, kama ningelijua haya wakati ule, ningelimwelewa bibi?"

Tukamjibu kuwa angelimwelewa, na kwamba kosa halikuwa lake. Yule ambaye bado ana mzee nyumbani, amwite mtoto leo hii, amketishe karibu naye, kisha yeye mwenyewe anyamaze.

Wabillahi tawfiq.